Tofali la Kichwa Chini na Fundi Timazi

Miaka thelathini na minane na miezi miwili! Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa matengenezo wa Ukumbi wetu wa Mikutano, ambaye nyinyi mnamwita Timazi na mimi namwita mwanangu, atakabidhi bunda la funguo na kustaafu rasmi. Wahariri wa jarida walitaka mfanyakazi mwenzake aandike. Mimi nimepika chai kantini ya jengo hili miaka ishirini na mmoja, na nikiwa msichana nilibeba zege la kulijengea. Kama yupo mwenzake wa karibu kuliko mimi, ajitokeze.

Kwa walioajiriwa juzi: jengo hili liliinuka mwaka ule ule bendera yetu ilipopanda. Wakubwa walitaka mahali pa kukutania nchi zote za bara letu, pasifanane hata chembe na zile nyumba za gavana zenye mabomba ya moshi juu ya paa, utadhani huku kuna theluji. Msanifu akachora ukuta mzima wa mbele wa matofali ya zege yenye matundu, kila tundu mfano wa mwali wa moto unaoelekea juu. Kila safu, kutoka chini hadi juu, nchi moja. Kwa ndugu waliokuwa bado chini ya wakoloni akaacha nafasi, tukaziziba kwa mbao. Upepo unapita, jua linabaki nje. Ndiyo maana watu wakalibandika jengo jina la Chekeche.

Mwanangu aliingia hapa kama kibarua wa kuchanganya saruji, mwanamke peke yake kati ya mafundi. Walimcheka wiki moja. Wiki ya pili alishusha timazi kwenye ukuta wa fundi mkongwe, na uzi ukaonyesha ukuta umelewa. Jina likamganda hapo hapo. Kila nchi ilipojikomboa mbao zilishushwa, safu ikapanda, na tatu za mwisho alizijenga yeye. Wajumbe walicheza barazani na suti zao, nami nikimshika kila mpita njia mkono: yule juu ya jukwaa la ujenzi, mnamwona? Wangu yule!

Haogopi cheo. Balozi mmoja aliegemeza kiti chake ukutani, akaambiwa aketi kama mtu aliyelelewa. Akaketi.

Sasa nisikilizeni. Miaka miwili iliyopita kamati ya ukarabati ilitaka kuubomoa ukuta wote, iweke vioo na viyoyozi. Ushahidi wao ulikuwa tofali moja, safu ya saba, la nne kutoka juu, lililopachikwa kichwa chini. Wakasema ukuta ulijengwa ovyo ovyo. Timazi akapanda ngazi na miaka yake hamsini na minane, akayagonga matofali elfu nne mia mbili na kumi na mawili kwa nyundo ya mbao, akisikiliza moja moja kama daktari na kifua. Mabovu yalikuwa tisa tu, akayabadilisha. Lakini kamati iling'ang'ana na lile moja.

Mwali ukiugeuza unakuwa tone. Msomi mmoja aliwahi kuandika kurasa kumi na moja kwamba lile ni chozi la msanifu kwa nchi zilizokuwa bado kifungoni. Wageni wamelipiga picha miaka nenda miaka rudi, wakifuta macho, mimi ninayejua ukweli nawapita na birika langu.

Basi nikajifunga kitambaa kipya, nikaingia kikaoni bila kualikwa, nikasema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nampasia matofali mwashi mwembamba ambaye wiki nzima hakuwa ameniambia neno ila "lete". Mara akauliza, macho kwenye mwiko, kama awatume wazee wake kwetu. Nilicheka mpaka jukwaa likatikisika, nikampa tofali kichwa chini, naye akalipachika huku ananitazama mimi. Tulipokuja kugundua, saruji ilishashika. Nikawaambia wanakamati: nyinyi mnaliita kosa, kwetu ilikuwa posa.

Mwenyekiti alicheka hadi miwani ikatumbukia kwenye chai. Timazi peke yake hakucheka. Alisimama na nyundo yake anahesabu miaka kwa vidole, nikamwambia atulie, ndoa ilimtangulia yeye. Kisha akaweka daftari lake la matofali mezani, moja moja na hali yake, na kamati ikasaini: ukuta unabaki, na tofali lile lisiguswe na mtu.

Timazi, wafanyakazi wote wanakushukuru kwa ofisi zenye baridi ya bure, mabomba yasiyolia, na ukali uliotunyoosha. Marehemu babako aliuanza ukuta ule, wewe ukaumaliza. Mimi kazi yangu ilikuwa kupasia.

Nenda ukapumzike, mwanangu. Maisha yako ya mbele yawe na upepo mwingi na jua la kiasi, kama Chekeche yetu. Na ukipita barabarani, inua macho: safu ya saba, la nne kutoka juu. Ndipo ulipoanzia.