Chupa ya Veto

Ng'ambo ya lango la hospitali, huku kwetu milimani Masisi, iko benchi ya Mama Chantal muuza kahawa. Hapo watu wanajua magonjwa kuliko waganga, waulize tu! Asubuhi hiyo Ndayambaje alishika kikombe bila kunywa. Uwamahoro, mke wake, alikuwa ndani, amezimia, mtoto amekwama tumboni. Lazima apasuliwe, na kabla ya kisu lazima apigwe sindano ya kuzuia kidonda kisioze. Ndayambaje alishawaambia wauguzi: penisilini, hapana! Ilitaka kumuua zamani, ikamkata pumzi.

— Ulisema muzuri, akasema Avoka, wakili wa jina tu, mtu ambaye hajawahi kuingia tribinali. Ile dawa inatoka mu ukungu. Muntu wa kulelewa ku maziwa, mwili yake inakataa ukungu.

— Wapi! Ni damu, akakata Radio, mwenye habari zote. Damu ya huku milimani iko nzito. Dawa inakosa njia.

— Mimi niliona na macho yangu! Veto akapiga goti. Huyu ndiye anayechoma ng'ombe wetu sindano, ndiyo maana tunamwita hivyo, daktari wa mifugo. Shule ya kazi hiyo hakuiona. Uwamahoro alivimba uso, akaendelea Veto, pumzi ikakatika. Kama haikukuwa mimi kumumwangia maji…

— Alikufa saa muzima, kisha akafufuka, akaongeza Radio.

— Munyamaze, jamani! akalia Ndayambaje.

Falone, muuguzi, akatoka mbio.

— Papa Ndayambaje, daktari anangoja. Dawa yetu ya kila siku iko jamaa ya penisilini. Ile siku dawa ilitaka kumuua, nani alimupiga sindano?

Macho yote kwa Veto.

— Ni mie, dada. Ku malisho. Alikuwa na homa.

— Mu chupa gani?

— Ya… ya ng'ombe.

— Iliandikwa nini?

— Karatasi ilishabanduka. Dawa ilikuwa nyeupe.

— Nyeupe! Zote ziko nyeupe, Papa! Sasa hii jina penisilini, muliitoa wapi?

Jina lilizaliwa hapa hapa benchini. Avoka akaangalia viatu vyake.

— Pumzi kukatika, hiyo siwezi kuichezea, akasema Falone. Tutamupa ingine, ya mbali na hiyo jamaa. Mungu atusaidie.

Falone akarudi ndani, lango likafungwa. Ndayambaje akamgeukia Veto.

— Veto, tangu ile siku, kila ng'ombe yangu ikizaa, nakuletea bidoni ya maziwa. Nilisema ni aksanti ya kumuponyesha mama ya batoto.

Veto akavuta kofia mpaka machoni. Mama Chantal akapita na termosi, hakuna aliyetoa kikombe.