Saa Mbili za Kitanda cha Sita

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkunga mwandamizi wa wodi yetu ya wazazi anastaafu. Wazazi humwita Mama Daftari. Wakunga wachanga nao humwita hivyo, lakini akiwa mbali.

Alianza kazi akiwa mwembamba na mkali, wembamba ulimwacha. Kalamu za wodi alizifunga vitandani kwa uzi wa bandeji kwa sababu, kama alivyosema, daktari huponya maradhi yote isipokuwa wizi wake wa kalamu.

Jina lake, hata hivyo, lilitokana na kazi nzito. Aliona kwamba mwanamke aliyeponea chupuchupu wakati wa kujifungua huambiwa na ndugu zake, "Mshukuru Mungu, mtoto yupo, unalia nini?" naye hunyamaza. Huko kunyamaza huzaa majinamizi, na wengine humwogopa hata mtoto wao. Basi kila aliyerudi kliniki wiki ya sita, akitaka, alipewa daftari: dakika ishirini kwa siku, siku nne, aandike yaliyompata bila kujali mwandiko. Aliyezidiwa aliambiwa aweke kalamu chini, akasindikizwa kwa mshauri. Si wote waliopona. Wengi walipata nafuu.

Mwaka wa kwanza wa madaftari hayo alikosea. Mama wa kitanda cha sita, aliyeondolewa kizazi ili aokolewe, aliandika kwamba alivuja damu na kuita tangu saa tatu asubuhi, akahudumiwa saa tano. Mkunga alisoma, akalinganisha na daftari la zamu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Si saa tatu. Ni saa tano kasoro robo."

Mama yule hakurudi. Mtoto aliletwa kwenye chanjo na bibi yake, aliyetueleza kwamba mkaza mwanawe hali, hasemi, na mtoto hamgusi.

Ndipo mkunga alipotuuliza sisi wa zamu ile. Tulikuwa wawili kwa vitanda kumi na vinne, na daftari la zamu tulilijaza mchana, baada ya upasuaji, kwa kukisia. Mkuu wa zamu nilikuwa mimi. Mama alikuwa amesema kweli.

Mkunga alikwenda nyumbani kwao, akaomba radhi. Alijibiwa maneno machache: "Kama unakiri, kaandike kulekule mlikoandika uongo." Alirudi, akaandika saa tatu katika daftari la zamu, akatia sahihi, kisha akampelekea mama nakala ya mstari ule. Utawala ulimpa barua ya onyo, na cheo chake kikachelewa miaka mitatu.

Mama alimaliza kurasa zake. Chanjo iliyofuata alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni, akapita bila kutusalimia.

Tangu hapo hakuna asomaye daftari la mzazi asipoombwa na mwenyewe, na daftari la zamu hujazwa kando ya kitanda, saa ileile.

Dada, tunakushukuru kwa niaba ya wazazi wote uliowasubiri wamalize kuandika. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na miaka mingi ya heri pamoja na wajukuu zako. Nami nina neno moja ambalo nimechelewa kulisema: sahihi ile ilipaswa kuwa yangu.