Zamu ya Bega la Digrii

Asubuhi hiyo watu wazima watatu walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, kazi ambayo hawakuumbiwa. Kwenye benchi la pembeni mwa duka la vioo, Muuza Kahawa alikuwa upande wa birika, Fundi Redio katikati, na mwisho Digrii, kijana wa shahada ya uchumi na bahasha ya vyeti iliyochakaa kwa kubisha hodi maofisini. Begani kwake kalala mdogo wake, Dokta, aliye mwaka wa mafunzo hospitalini. Katoka zamu ya mchana na usiku bila kupumzika. Kakaa anywe kahawa, kalia machozi kidogo bila sauti, kalala. Ndipo wodini wakapiga simu yake: arudi upesi, mwenzake kazimia. Digrii ndiye aliyepokea.

— Umewajibu nini? — aliuliza Fundi Redio.

— Daktari yuko kwenye mkutano.

— Na nani?

— Na bega langu.

— Mwamshe, kaka, — alisema Muuza Kahawa. — Wakimwandika mtoro atarudia mwaka mzima.

— Simwamshi. Bega limepata ajira kabla yangu, liacheni lipige kazi.

Fundi Redio akainama karibu.

— Mnajua kwa nini wanawakesha? Makusudi kabisa. Macho yakiwa mekundu, mgonjwa anaogopa, anapona haraka.

— Wapi, — Muuza Kahawa akabisha. — Ni zile taa nyeupe. Zinamnyonya daktari usingizi, zinampelekea mgonjwa. Nenda wodini usikie watu wanavyokoroma.

— Kumbe usingizi wa hospitali ni mmoja?

— Mmoja tu. Wanaugombania kama blanketi fupi.

— Na mimi ninayelala mpaka mbavu zinauma, — alisema Digrii, — si wangeniajiri nimpunguzie kazi?

— Umchome nani sindano na uchumi wako?

— Nisukume machela. Akae chini hata dakika tano. — Akashusha sauti zaidi. — Juzi kaniambia anatamani avunjike mguu. Mguu tu, alazwe wiki moja.

Muuza Kahawa akavua koti lake, akamfunika Dokta magoti.

Mama mmoja mwenye kikapu cha nguo za mgonjwa akasimama kuomba kahawa, akamtazama aliyelala.

— Huyu si daktari wa mume wangu? Anaumwa?

— Kachoka tu, mama.

— Masikini. Sasa daktari akichoka hivi, anakwenda kumwambia nani?

Muuza Kahawa akammiminia kahawa. Fundi Redio, mwenye jibu la kila swali tangu azaliwe, akampisha mama kwenye benchi.

Simu ikaita tena.

— Nakuja, — alisema Dokta, macho kayafumba, miguu ikipapasa viatu. — Nakuja, nakuja sasa hivi.

Digrii akaichukua simu taratibu, bega lisitikisike, akaikalia.