Mtambo Niliouchomoa kwa Hasira

Sikilizeni wanangu, na anayetaka kulia akalie ukumbini, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema, si ya kubembeleza mtu. Wewe kifungua mimba, zima hiyo simu. Wewe binti yangu fundi, toka hapo mlangoni uingie. Miaka miwili hujakanyaga nyumba hii, na kila mtu anajua nani alikufukuza. Na wewe mdogo wangu, mama yao mdogo, kaa hapo, lakini usinishike mkono, sijasema tumepatana.

Karakana ya pampu nimewagawia sawa kwa sawa, na atakayenung'unika anung'unike nikishazikwa. Ninalotaka kulimaliza ni la jina. Wateja wetu hutupata kwa kuandika jina la tovuti yetu, na likiandikwa kuna mtambo unaoulizwa, hawa wanakaa wapi? Mafundi wanauita seva ya DNS. Ukijibu, mteja anafika. Ukinyamaza, sisi ni kama tumekufa, hata tovuti yenyewe iwe nzima.

Binti yangu alitaka kazi hiyo ipewe kampuni ya nje, yenye mitambo katika miji mingi. Nilimfokea. Nilisema jina alilolihangaikia marehemu baba yenu haliwezi kulindwa na watu wanaotupigia muziki kwenye simu kila tukipata shida. Wewe kifungua mimba ukaitikia, "Kweli mama, kweli mama," si kwa kuwa ulielewa, bali kwa kuwa hujawahi kunipinga tangu uote meno, na hilo nalo linanichukiza. Binti akakubali shingo upande. Akafunga mitambo miwili, mmoja stoo ya karakana, wa pili nyumbani kwa mama yenu mdogo, akaniambia, "Mama, huu wa kwa mama mdogo usiuguse. Mmoja ukizimika, mwingine ujibu."

Sikuugusa, mpaka siku mama yenu mdogo aliponiambia mezani, mbele ya wageni, kwamba watoto wangu hawanipendi, wananiogopa tu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake, nikauchomoa, nikaufunga kwenye taulo, nikaupeleka stoo na kuuchomeka kwenye soketi ileile ya mwenzake. Sikutaka kitu changu kilale chini ya paa lake.

Wiki haikuisha, soketi ikaungua, mitambo yote miwili ikazimika. Siku nne jina letu halikujibu popote. Wateja wakaambiana tumefunga, na yule bwana wa mashamba makubwa akahamia kwa wengine, hajarudi hadi leo. Nami nikamsimamisha binti yangu mbele ya mafundi wote, nikasema ni uzembe wake, ameweka mitambo yote mahali pamoja. Akaniuliza taratibu, "Mama, huu wa pili nani kauleta huku?" Nikamwambia arudishe funguo.

Mama yenu mdogo aliniona nikiubeba. Angeweza kuniumbua siku yoyote. Miaka miwili hakufungua mdomo, na ndiyo maana simwezi, kwa sababu mtu wa hivyo ni kazi kumchukia, na mimi nilishazoea.

Basi shikeni maneno yangu. Hamisheni kazi hiyo kwa kampuni. Siwapendi, sitawapenda, lakini hao hawachomoi kitu kwa sababu ya maneno ya mezani. Jina lenyewe libaki limeandikishwa kwa karakana, si kwa kampuni, wala si kwako kifungua mimba, usinikunjie uso. Wakituchosha, tunahama nalo. Msimamizi ni binti yangu, na mtu asimfundishe kazi. Neno la siri la jina hilo nimeliandika mara mbili. Karatasi moja imo kwenye droo hii. Ya pili iko kwa mama yenu mdogo. Nilimpelekea mwenyewe Jumanne, nikamkabidhi bila salamu.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Mungu awafungulie milango, awape moyo wa kukiri kosa mkiwa bado na nguvu za kusimama. Binti yangu, nimekuonea. Mafundi hawamo humu kunisikia, na miguu ya kuwafuata sina...

Mdogo wangu. Sogea. Kule karakanani watauliza ni nani aliyechomoa ule mtambo. Mimi nitakuwa... nimenyamaza. Jibu wewe.