Wanawake Arobaini na Watatu wa Simu Moja

Mgeni rasmi, Daktari Élysée, mkuu wa utafiti wa dawa ya presha. Waheshimiwa mliofuatana naye. Mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Sisi wanawake wa Wamaza wenye presha tunakukaribisha kwa mikono miwili. Pole kwa barabara. Tumesikia pikipiki yako imeanguka mara mbili tangu Kasongo. Mgeni aliyekutangulia alianguka mara nne, kwa hiyo wewe umeletwa vizuri.

HISTORIA FUPI

Mwaka jana vijana wako walikuja kuandikisha watu wa kujaribu dawa. Tukajiandikisha arobaini na watatu. Karatasi ilidai kila mmoja atoe namba ya simu. Huku kwetu mtandao unafika mahali pamoja tu, nyuma ya jiko la mwenyekiti wetu, Mama Mwamvita. Basi sote tukaandika namba yake, tukidhani tumewarahisishia kazi.

Kila Jumatatu vijana walipiga simu kuuliza hali ya kila mgonjwa. Mama Mwamvita alilelewa vizuri: mtu wa mbali akikujulia hali, humtwishi shida zako. Akawa anajibu kwa niaba yetu, "Tuko muzuri, docteur. Wote tuko muzuri sana!" Wiki moja alipojibu hivyo, mwenzetu Mama Anastasie alikuwa amemeza kidonge, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka pale kisimani na beseni lake.

MAFANIKIO

Kompyuta yenu iligundua kwamba Wamaza kuna mwanamke mmoja mwenye majina arobaini na matatu, mwenye kilo arobaini na pia tisini na tano, mama wa watoto kumi na mmoja ambaye hajawahi kuzaa, na haumwi hata mafua. Mkaandika "udanganyifu", mkatufuta sote. Hakuna mwanamke mwingine wa eneo letu lote la Kabambare aliyewahi kufika mbali hivyo.

CHANGAMOTO

Sasa dawa imeletwa kwenye kituo chetu cha afya, na kipimo chake kimetokana na watu wa mjini, wanaokunywa chai asubuhi na kukaa dukani. Sisi tunashika jembe tangu alfajiri na kula mara moja, jioni. Mama Anastasie anaogopa kumeza kidonge, na anaogopa kukiacha, kwa kuwa dada yake aliacha, akapooza upande mmoja. Anatuuliza afanye nini. Hatujui, na hata ninyi hamjui, maana sisi hatukupimwa. Jambo hili linatuuma sana.

MAOMBI

Orodha ya duru ya pili ya utafiti inafungwa leo. Tunaomba turudishwe. Tunaomba aje mtu mwenyewe, anayesikia lugha yetu ya Kibangubangu, na simu ipumzike. Atuulize mmoja mmoja, ndani, mlango umefungwa, kwa sababu mbele ya watu sisi sote ni wazima. Mama Mwamvita tumeshamsamehe, ila asiulizwe tena habari za mtu.

Mgeni rasmi, Mama Anastasie ndiye yule wa kitenge cha kijani, mstari wa mbele. Tukimaliza hapa atakupa mkono na kukuambia yuko muzuri sana. Usimwamini. Mpime.

Mungu akubariki wewe na kazi ya mikono yako, akurudishe Kasongo bila kuanguka mara ya tatu.

Ni sisi,
Wanawake wenye Presha wa Wamaza, sote arobaini na watatu.
Imesomwa na Safia Zakaria, katibu.