Nicodemus Oduor, Mchezaji wa Sita, Anaaga

Baada ya miaka kumi na minne katika klabu ya mpira wa kikapu ya Winam Rollers, Nicodemus Oduor anastaafu leo, Jumamosi tarehe 29 Novemba. Miaka hiyo yote hajawahi kuanza mechi hata moja. Kwenye bango la langoni kamati imelitaja jambo hilo kama ugonjwa aliouvumilia. Hebu tuieleze kamati, polepole, ili nayo ielewe.

Oduor alitoka Ahero akiwa na mikono mirefu na viatu vya kuazima. Kocha Wakhungu alimfanya mchezaji wa sita, yaani yule wa kwanza kuingia watano walioanza wanapoishiwa pumzi. Wengine benchini hutazama simu. Oduor alitazama mechi. Kufikia robo ya pili alikuwa ameshajua nani amechoka na nani anajua kwenda upande mmoja tu.

Mashabiki walipigania kupiga picha na Griffins, nyota wetu, ambaye nywele zake hupata muda mwingi kuliko mazoezi. Oduor walimkabidhi chupa tupu, wakidhani ni mhudumu.

Misimu mitatu iliyopita mwenyekiti wetu, Bwana Mbugua, bingwa wa kuuza mabati na mgeni kabisa wa mpira huu, alimwondoa kikosini.

"Mtu wa kukaa tu? Hata kiti kinaweza," alisema kikaoni, na kamati nzima ikacheka. Wajuzi hao!

Msimu ule tuliongoza karibu kila mechi hadi mapumziko, kisha miguu ikatuishia nguvu, tukafungwa. Ikabaki mechi moja, tushinde au tushushwe daraja. Ndipo mwenyekiti alipomfuata Oduor ufukweni Dunga, akamkuta akimsaidia mkewe, Lorine, kupakia samaki.

"Rudi, Bwana Oduor. Safari hii utaanza," alisema, kama mtu anayegawa zawadi.

"Mzee, si mlimtupa?" Lorine akamjibu. "Sasa mnatafuta nini huku kwa samaki?"

Oduor alinawa mikono kwanza. "Nitarudi," akasema. "Lakini nitakaa pale pale."

Siku ya mechi tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja Griffins alipojifunika taulo kichwani, amemkasirikia refa. Oduor akaingia. Hakuruka sana wala hakujionyesha. Alimziba mfungaji wao upande wa kulia, ambao ndio pekee aliokuwa nao, akapokonya mipira na kuwagawia wenzake. Tulishinda kwa pointi moja, tukabaki ligi kuu. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi ikaenda kwa Griffins, labda kwa ajili ya taulo.

Wiki hii kamati, baada ya kufikiri kwa nguvu zake zote, iliamua kumheshimu kwa kumwanzisha katika mechi ya kuaga. Alikataa.

"Nikianza mimi, nani ataingia?" aliuliza.

Hadi programu hii ya mechi inachapishwa, kamati haijapata jibu.

Asante, Nicodemus, kwa kila mechi uliyotuokolea. Tunakuombea magoti yasiyouma, nyumba yenye kicheko, na majirani wanaojua thamani yako bila kufundishwa.

Dorca Akinyi, huduma ya kwanza, Winam Rollers