Mwalimu Alistidia na Radi Isiyotumwa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fizikia, Mwalimu Alistidia Rugaibula anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianzia Muleba, kisha akahamia shuleni kwetu hapa Kahororo. Wengi bado wanacheka wakikumbuka siku aliyodondosha jiwe na mkungu wa ndizi kutoka ghorofani, kuonyesha kwamba vitafika chini pamoja. Vilifika pamoja kweli, hatua chache tu mbele ya mkuu wa shule.

Mimi nafundisha maarifa ya Biblia, na kwa miaka mingi tulibishana wakati wa chai. Nilitaka akiri kwamba sheria za maumbile, jinsi zilivyopangika, zinaonyesha kusudi la Muumba. Yeye, Mkatoliki asiyekosa misa, alikataa kuisemesha fizikia jambo lisilo lake.

Mwaka 2017 radi ilimuua mwanawe, Avit, kwenye kibanja cha familia, shamba lao la migomba kule Muleba. Siku ya mazishi ulianza mnong'ono kwamba aliyeituma ni jirani yao mjane, Bibi Vestina. Vijana wakaelekea kwake na mafuta ya taa. Mwalimu Alistidia aliliacha jeneza, akawapita, akasimama mlangoni kwa Vestina.

"Radi haitumwi," aliwaambia. "Imefuata njia yake kwenda ardhini. Haikumjua mwanangu, wala haimjui huyu mama. Mkiichoma nyumba hii, nichomeni na mimi."

Hakuna aliyethubutu. Walirudi wote kuzika, na Vestina alitembea akiwa ameshikwa mkono na Mwalimu mwenyewe, mama wa marehemu.

Jioni ile nilimuuliza kama basi hakuna kusudi lolote.

"Kwenye radi sijaliona, Mwalimu Karugendo," alijibu. "Lakini kuna kitu kilinitoa pale kwa mwanangu kikanipeleka kwa Vestina. Hicho hakimo katika vitabu vyangu."

Sikubishana naye tena.

Aliporudi darasani, mada iliyofuata ilikuwa umeme tuli. Aliifundisha yote, hata sehemu ya radi. Kisha akahangaika mpaka shule yetu, na kadhaa za Muleba, zikafungiwa kinga za radi.

Wakola, waitu, kama tusemavyo kwa Kihaya. Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kutomsingizia Mungu wala jirani. Uzee wako uwe wa amani, na kila utakapobisha hodi, mlango ufunguliwe kwa furaha.